Khichuri ya Choroko za Kukaanga na Mayai ya Rojo

Ukipika mchele na choroko pamoja bila kuzikaanga choroko kwanza, utapata mseto. Utakuwa mseto mzuri na utashiba, lakini hautakuwa khichuri ile wanayopika Wabengali, watu wa mashariki mwa India na Bangladesh, mvua inapowafungia ndani. Kinachotenganisha vyakula hivi viwili ni dakika nane hivi: karai kavu, moto mdogo, na mkono usioacha kugeuza. Nimeupika mlo huu mara nyingi, kwa mkaa na kwa gesi, na kila ulipokosa ladha sababu ilikuwa ileile: nilizifanyia haraka choroko.

Kwa hiyo nitakaa sana kwenye sehemu mbili, kukaanga choroko na kukaanga viungo vya mayai. Mengine ni kazi ya kawaida ambayo yeyote anayejua kupika wali na mchuzi tayari anaiweza.

Chakula chenyewe

Karibu India nzima hupika mchele na dali (choroko, adesi na jamaa zake) ndani ya sufuria moja, na jina hubadilika kidogo kila uendako: khichdi kwa Kihindi, khichuri kwa Kibengali. Wahindi wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam utawasikia wakisema kichri, nao hupenda kuila kwa kadhi, ule mchuzi wa mtindi na unga wa dengu. Sisi wa pwani tuna mseto wetu wa choroko, unaovurugwa kwa mwiko na kuliwa kwa samaki. Ukiziweka sahani hizo mbili pamoja utaona ni ndugu.

Ni chakula cha kale. Ibn Battuta, yule msafiri wa Tangier aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikwenda India miaka michache baadaye. Aliandika kwamba watu wa huko hupika choroko pamoja na mchele, hula kwa samli, na chakula hicho hukiita kishri. Kilikuwa chakula chao cha asubuhi, akakifananisha na harira, supu nzito ya kwao Maghreb. Karne mbili na ushei baadaye, Abu'l-Fazl, mwandishi wa Akbar, mfalme wa India, aliweka vipimo vya jiko la mfalme: mchele, dali iliyopaazwa na samli, kila kimoja seri 5 (seri ni kipimo cha uzito cha huko), sawasawa. Samli yote hiyo hatutaiweza, ila mchele na dali tutavipima vile vile, kikombe kwa kikombe.

Sehemu nyingi za kaskazini mwa India, khichdi laini yenye manjano na chumvi ndiyo chakula cha mgonjwa na cha mtoto anayeanza kula. Bengali wameipeleka kwingine. Masika ya Kolkata, jiji kubwa la Bengali, huanza mwezi wa Juni na kuendelea mpaka Septemba, na siku ya mvua kubwa khichuri ndiyo inayotajwa kwanza nyumbani, pamoja na yai la kukaanga au kipande cha samaki wa ilish. Wakati wa Durga Puja, sikukuu kubwa ya Wahindu wa huko, hupikwa kwa masufuria makubwa na kugawiwa watu kama chakula kilichobarikiwa. Hiyo ya ibada haitiwi kitunguu wala thomu, na mayai hayakaribii kabisa. Yetu hapa ni ya nyumbani, ya siku ya mvua, kwa hiyo mayai yapo na vitunguu vipo.

Choroko zipi

Tuelewane majina kwanza, maana hapa ndipo watu huenda dukani wakarudi na kitu kingine. Tanzania na Mombasa, punje ndogo za kijani ni choroko. Nairobi na sehemu nyingi za bara ya Kenya ni ndengu. Tanzania, dengu ni kitu tofauti, zile punje kubwa zaidi ambazo unga wake hufanyiwa bajia. Na adesi, ambazo Kenya wengi huziita kamande, ni zile bapa, nyekundu zikishamenywa. Kihindi kwa mfuatano huo ni mung, chana na masur.

Tunazotaka ni choroko zilizopaazwa na kuondolewa maganda. Ni ndogo, bapa upande mmoja, za rangi ya njano iliyopauka. Zinapatikana kwenye maduka ya Wahindi: Kisutu ukiwa Dar es Salaam, Marikiti ukiwa Mombasa, Ngara ukiwa Nairobi. Muulize muuza duka mung dali ya njano, atakuelewa.

Zikikosekana, fanya walivyofanya bibi zetu kwa ajili ya mseto. Zipaaze choroko nzima kwenye jiwe la kusagia, au kwa mapigo mafupi ya mashine ya kusagia viungo, mpaka kila punje ikatike vipande viwili. Loweka saa tatu, zisugue kwa viganja ndani ya maji, na maganda yataelea. Mwaga maji na maganda, rudia mpaka yaishe. Kisha zianike juani mpaka zikauke kabisa. Usiruke hatua hii ya mwisho. Choroko yenye unyevu haikaangiki. Inachemka kwa mvuke wake yenyewe na hutaisikia harufu tunayoitafuta.

Adesi nyekundu nazo hufanya khichuri nzuri, tena zinaiva upesi na hazihitaji kukaangwa. Kuna jambo moja la kupendeza juu yake: kwa desturi ya zamani ya Wahindu wa Bengali, adesi nyekundu huhesabiwa upande wa nyama, ndiyo maana hazionekani kwenye khichuri ya ibada.

Mchele nao una maneno yake. Wabengali wanaoweza kuupata hutumia gobindobhog, mchele mfupi mwembamba wenye harufu ya siagi unaolimwa Bardhaman, hukohuko Bengali. Huku kwetu usitumie basmati ndefu. Inataka kusimama punje moja moja, na khichuri inataka punje zishikane. Mchele wa Kyela unafaa sana. Pishori ya Mwea inafaa pia. Hata mchele wenye chenga nyingi, ule unaouzwa kwa bei ya chini, unafanya kazi nzuri hapa, maana chenga huachia wanga na kuzidisha uzito wa mchuzi.

Vitu vya kuandaa (watu 4 wenye njaa)

Kwa mayai:
Mayai 6 hadi 8
Vitunguu maji vikubwa 3
Nyanya 2 zilizoiva sana
Thomu punje 6 na tangawizi kipande cha urefu wa kidole gumba, vitwangwe pamoja
Mtindi mzito vijiko vikubwa 2
Manjano kijiko kidogo 1
Bizari nyembamba ya unga kijiko kidogo 1
Giligilani ya unga kijiko kidogo 1
Pilipili nyekundu ya unga kijiko kidogo 1, au kadiri ya watu wako
Sukari nusu kijiko kidogo
Chumvi
Mafuta ya haradali vijiko vikubwa 4

Kwa khichuri:
Choroko zilizopaazwa kikombe 1 (gramu 200 hivi)
Mchele kikombe 1
Viazi mbatata 2, kila kimoja kikatwe vipande vinne
Koliflawa robo ya kichwa, vipande vikubwa
Njegere nusu kikombe
Nyanya 1
Tangawizi iliyotwangwa kijiko kikubwa 1
Bizari nyembamba, nzima kijiko kidogo 1 na ya unga kijiko kidogo 1
Manjano kijiko kidogo 1
Iliki 4, karafuu 4, mdalasini kijiti kimoja
Majani ya tejpata 2
Pilipili kavu 2 na pilipili mbichi 3
Sukari kijiko kidogo 1
Chumvi vijiko vidogo 2, halafu uonje
Mafuta vijiko vikubwa 3 na samli vijiko vikubwa 2
Maji ya moto vikombe 6, na birika jingine liwe tayari pembeni

Bizari nyembamba ndiyo ile wengine huiita uzile, au bizari ya pilau. Giligilani ni mbegu zilezile ambazo majani yake ni dania. Tejpata ni jani la mti wa India ulio jamaa na mdalasini, na harufu yake iko huko. Usipolipata ongeza kijiti cha mdalasini kidogo, basi.

Mafuta ya haradali ndiyo yanayokipa chakula cha Kibengali ule ukali unaopanda puani. Yanauzwa kwenye maduka yaleyale ya Wahindi. Ulaya na Marekani chupa zake huandikwa kwamba ni ya kupaka mwilini tu, kwa sababu ya asidi ya eruki iliyomo, kwa hiyo aliyeko huko atumie mafuta ya alizeti na kuponda nusu kijiko kidogo cha mbegu za haradali pamoja na thomu na tangawizi. Ladha haifanani kabisa, ila inakaribia.

Anza na mayai

Wengi huanza na khichuri kwa kuwa ndiyo inayochukua sufuria kubwa. Mimi naanza na mayai kila mara. Rojo la mayai linaweza kukaa na likazidi kunoga; khichuri ikikaa hukaza. Chakula kinachoweza kusubiri kitangulie.

Chemsha maji, tumbukiza mayai kwa upawa, hesabu dakika 9 tangu maji yarudi kuchemka. Yatoe, yatie kwenye maji baridi. Mayai yaliyotagwa jana au leo humenyeka vibaya, ganda huondoka na nyama yake; yaliyokaa wiki moja humenyeka safi. Kama unafuga kuku, panga mapema.

Menya, kisha uyafute kwa kitambaa mpaka yakauke. Kwa ncha ya kisu, lichanje kila yai mara tatu au nne, michanjo myembamba isiyofika kwenye kiini. Michanjo hiyo ina kazi mbili. Viungo vitapita, na yai halitapasuka kwenye mafuta. Yapake nusu ya manjano na chumvi kidogo, uyaviringishe kwenye bakuli mpaka yawe ya njano pande zote.

Weka karai jikoni, mimina mafuta ya haradali, uyaache yapate moto mpaka yaanze kutoa moshi mwepesi na rangi yake ipauke. Punguza moto hapohapo. Mafuta haya yasipopata moto huo mwanzoni, ukali wake mbichi utabaki kwenye chakula. Sasa tumbukiza mayai, uyageuze taratibu kwa dakika tatu au nne mpaka yapate ngozi ya dhahabu yenye malengelenge madogo. Simama mbali kidogo na uwe na mfuniko mkononi, maana yanarusha mafuta. Yatoe, yaweke kando. Ngozi hiyo ndiyo itakayoshika rojo. Yai jeupe laini la kuchemsha huteleza ndani ya mchuzi na mchuzi haulishiki.

Kukaanga viungo mpaka mafuta yajitenge

Wabengali wana neno lao kwa kazi hii: kosha. Maana yake ni kuvikaanga viungo kwa muda mrefu, kwa moto wa wastani, ukinyunyizia maji kidogo kidogo, mpaka mafuta yajitenge na kuonekana pembeni mwa karai. Mayai haya jina lake ni dim kosha, na dim ni yai tu. Kama hukuzikaanga bizari zako hivyo, umepika mayai ya mchuzi, si dim kosha.

Kwenye mafuta yaleyale yaliyobaki tia ile nusu kijiko ya sukari. Usiiguse. Itayeyuka, igeuke rangi ya kahawia, na hapo mara moja tia vitunguu vilivyokatwa vyembamba. Sukari hiyo haileti utamu wa kuhisika. Inaleta wekundu ule mzito ambao watu hudhani ni wa pilipili. Ikizidi sekunde chache itaungua na kuwa chungu, kwa hiyo vitunguu viwe vimeshakatwa, viko mkononi.

Kaanga vitunguu kwa chumvi kidogo, dakika 12 hadi 15. Ni ndefu, najua. Vinapita hatua tatu: kwanza vinalainika na kutoa maji, halafu vinakuwa vya njano, halafu kingo zake zinaanza kuwa za kahawia na vinasinyaa vikawa nusu ya vilivyokuwa. Usiongeze chochote kabla ya hatua hiyo ya tatu. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kutia nyanya vitunguu vikiwa bado vyeupe. Nyanya ikishaingia, kitunguu hakikaangiki tena, kinachemka, na rojo lako litabaki na ladha ya kitunguu kibichi hata ulipike saa nzima.

Tia thomu na tangawizi, kaanga mpaka harufu yake kali ya ubichi ikatike. Koroga manjano yaliyobaki, bizari, giligilani na pilipili kwenye maji vijiko vitatu, upate uji mzito, ndipo umimine. Unga mkavu ukitupwa kwenye mafuta ya moto huungua kabla haujaiva, na huo uji mdogo unauokoa. Geuza dakika mbili. Tia nyanya zilizokatwa ndogo, zipondeponde kwa mwiko mpaka ziyeyuke.

Sasa ndiyo kosha yenyewe. Moto wa wastani. Viungo vikianza kushika chini, nyunyizia maji vijiko viwili, komba chini ya karai, geuza. Vikishika tena, nyunyizia tena. Fanya hivyo mara nne au tano. Kila ukikomba, ile rangi iliyoshika chini inarudi ndani ya rojo, na rangi inazidi kukolea. Baada ya dakika 10 hivi utaona mafuta yanang'aa pembeni na rojo linajikusanya katikati kama kitu kimoja, likifuata mwiko. Limefika.

Ondoa karai motoni kwa dakika moja, tia mtindi uliokorogwa vizuri, geuza haraka, urudishe. Mtindi ukikutana na moto mkali hukatika vipande vipande. Mimina maji ya moto nusu kikombe, rudisha mayai, funika, moto mdogo, dakika 8. Onja chumvi. Rojo liwe zito la kulipaka yai. Lisiwe mchuzi wa kuoga ndani yake, kwa kuwa khichuri yenyewe tayari ina majimaji.

Funika, weka pembeni.

Karai kavu

Pasha karai lisilo na mafuta kwa moto mdogo. Tia choroko zikiwa kavu, usizioshe kwanza, na uanze kugeuza. Usiondoke, usijibu simu. Dakika tatu za mwanzo hakuna kitu utakachokiona. Halafu inakuja harufu, kwanza kama ya nafaka juani, baadaye kama ya karanga zinazokaangwa. Rangi inaanza kubadilika, na haibadiliki sawasawa: punje nyingine za dhahabu, nyingine bado za njano, chache zenye wekundu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Zikishakuwa nyingi za dhahabu na harufu imejaa jiko, zimwage mara moja kwenye sinia, maana karai bado lina moto na litaendelea kuzikaanga hata ukizima jiko.

Mara ya kwanza nilipofanya hivi nilitumia mkaa uliokolea sana. Punje za chini zikawa nyeusi, nikajiambia chache hizo hazitaonekana. Zilionekana. Uchungu wa kijiko kimoja cha choroko zilizoungua uliingia sufuria nzima na hakuna sukari wala samli iliyoufuta. Zikiungua, anza upya. Ni kikombe kimoja tu cha choroko.

Zikipoa kidogo, zioshe pamoja na mchele uliochambuliwa, maji mawili au matatu, uchuje. Viache kwenye chujio mpaka utakapovihitaji.

Khichuri

Chukua sufuria nzito yenye nafasi, kwa sababu itapanda. Pasha mafuta, kaanga viazi na koliflawa kwa chumvi na manjano kidogo mpaka vipate rangi pembeni, uvitoe. Viazi havijaiva bado, na ndivyo tunavyotaka.

Kwenye mafuta hayohayo tia bizari nyembamba nzima, pilipili kavu, tejpata, iliki mbili zilizopasuliwa, karafuu mbili na nusu ya mdalasini. Subiri bizari ilie na kutoa harufu, nusu dakika. Tia tangawizi na bizari ya unga iliyokorogwa na maji, kaanga dakika mbili, kisha nyanya. Moja tu. Uchachu wa nyanya huchelewesha choroko kulainika, na ukitia tatu utakaa jikoni mpaka magharibi.

Nyanya ikiyeyuka, tia choroko, mchele na manjano yaliyobaki. Geuza kwa dakika tatu mpaka kila punje ipate mafuta. Mimina vikombe 6 vya maji ya moto. Maji baridi hukatisha moto na choroko huiva kwa kusuasua. Yakichemka, punguza, funika nusu, uache ichemke polepole dakika 15, ukigeuza mara moja moja na kukomba chini.

Rudisha viazi na koliflawa, tia chumvi, sukari, njegere na pilipili mbichi zilizopasuliwa. Endelea dakika 15 nyingine. Kuanzia hapa usiiache mbali, kwa kuwa inazidi kuwa nzito na inapenda kushika chini. Ikikaza kabla choroko hazijalainika, ongeza maji ya moto nusu kikombe kwa wakati.

Mnaokaa nyanda za juu mjue mtachukua muda zaidi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na maji huko huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo choroko hulainika taratibu. Ongeza dakika 10 na kikombe cha maji. Mwenye sufuria ya presha ana nafuu: maji vikombe 5, kila kitu kwa pamoja isipokuwa koliflawa na njegere, filimbi mbili, uiache ipoe yenyewe, ndipo utie mboga hizo na kumalizia wazi.

Utajuaje imeiva? Bonyeza punje ya choroko kwa vidole, ipondeke bila kipingamizi, lakini ukiitazama sufuria bado uone kuwa kulikuwa na mchele na kulikuwa na choroko. Ukichota kwa upawa na kumimina, idondoke kwa uzito, isitiririke. Kumbuka itakaza mezani, kwa hiyo ipakue ikiwa nyepesi kidogo kuliko unavyotaka kuila.

Mwisho, twanga iliki mbili, karafuu mbili na kipande cha mdalasini vilivyobaki. Garam masala ya Kibengali kwa kawaida ni hivyo vitatu tu. Nyunyizia juu, tia samli, geuza mara moja, funika dakika tano jiko likiwa limezimwa. Samli usiitie mapema; harufu yake ndiyo unayoinunua, na moto unaipoteza.

Pasha mayai wakati huo, unyunyizie kidogo ya ile masala uliyotwanga.

Mezani

Pakua khichuri kwenye sahani yenye kina, fanya shimo katikati, weka yai moja zima na nusu, ulimwagie rojo lake. Pembeni weka kitu kinachovunjika mdomoni: papadi iliyokaangwa, au vipande vya biringani vilivyopakwa manjano na chumvi vikakaangwa mpaka ngozi ikawa ngumu. Achari ya ndimu au ya embe inafaa sana, kwa kuwa chakula hiki ni kizito na kinahitaji kitu kikali cha kukikata. Wabengali hutengeneza pia chatini ya nyanya yenye sukari na zabibu kavu, na watoto huipenda kuliko kila kitu mezani.

Asiyekula mayai mwache na khichuri tupu, haitamwangusha. Mchele na choroko hukamilishana: protini ya nafaka ina upungufu wa laisini, ya jamii ya kunde ina upungufu wa methionini, na kila kimoja kina kile mwenzake anachokosa. Choroko kavu, karibu robo ya uzito wake ni protini. Kwa mfungaji anayefuturu au mtu aliyetoka shambani, sahani moja inatosha.

Ikibaki

Usiiache jikoni mpaka asubuhi ikiwa vuguvugu. Wali uliopikwa una vijidudu vinavyostahimili kuchemshwa na kuzaliana chakula kinapopoa polepole, na kupasha upya hakuondoi sumu yake. Itandaze kwenye sinia ipoe upesi, iingie kwenye friji ndani ya saa moja au mbili, na iliwe kesho yake.

Asubuhi utaikuta imekaza kama ugali. Tia maji ya moto, ivunje kwa mwiko kwa moto mdogo, onja chumvi upya, na umalizie kwa samli kidogo. Au fanya ninavyofanya mimi kama mayai yamekwisha: ifinyange vitonge vidogo, vipitishe kwenye unga wa dengu uliokorogwa na maji, kaanga kwa mafuta mpaka viwe vyekundu, ule na lile rojo lililobaki chini ya karai.